Sharti Lililokuja na Ruta

Geuza ruta ya nyumbani kwenu usome kibandiko kilichoko chini yake. Pamoja na jina la kampuni na nenosiri ambalo wageni wote wa mtaa wanalijua, vifaa vingi vya mawasiliano vinavyouzwa Oman vina maneno OMAN TRA yakifuatiwa na nambari mbili. Ya kwanza ni ya usajili wa kifaa kwenye Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano. Ya pili, ambayo kwa kawaida huanza na herufi D, ni ya mfanyabiashara aliyesajiliwa. Siku moja katika soko la Ibra nilimwuliza kijana wa dukani hiyo nambari ya pili ni ya nani. "Ami," akanijibu, "mimi nauza tu." Nitairudia nambari hiyo baadaye, kwa kuwa katika yote yaliyochapwa pale, naona hiyo ndiyo yenye uzito.

Kibandiko hakisemi kilichomo ndani. Ruta nyingi za nyumbani zinaendeshwa na Linux, kiini cha mfumo ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika Helsinki mwaka 1991. Juu ya kiini hicho mara nyingi utakuta BusyBox, programu moja ndogo inayobeba kazi za programu kadha wa kadha, na kabla yake U-Boot, inayokiamsha kifaa unapowasha umeme. Zote tatu zinafuata leseni ya GPL, toleo la pili, lililotolewa Juni 1991. Linux hiyo hiyo imo ndani ya simu za Android, televisheni janja, kamera za ulinzi zinazoning'inia juu ya maduka ya dhahabu ya Nizwa, na visanduku vya televisheni ambavyo jamaa zetu wa Sur huvinunua ili waone mpira. Kwa hiyo swali la kutii leseni za programu huria ndani ya vifaa vya biashara limeshaingia majumbani mwetu, liko ukumbini karibu na birika la kahawa, hata kama hatujalikaribisha.

Neno "bure" ndilo linalotupoteza. Tukisikia programu ni huria tunadhani ni kitu kilichookotwa njiani. GPL haisemi hivyo. Mwandishi wa programu anabaki na hakimiliki yake, na anatoa ruhusa kwa sharti. Watu wa huku wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhani, kwa sababu wamekulia karibu na mali za wakfu. Kitabu kilichoandikwa ukurasa wa mwanzo kwamba ni wakfu, hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi, kinasomwa na yeyote anayefika, na hapana anayeweza kukibeba kwake akakifanya chake. Wanafikihi wana kanuni kwamba sharti la mweka wakfu lina nguvu kama tamko la mweka sheria. GPL ina roho hiyo hiyo, ila yenyewe inaruhusu kuuza. Torvalds alianza na leseni iliyokataza watu kutoza fedha, akaiacha mwaka 1992 na kuchukua GPL, na tangu hapo hakuna kosa lolote kwa kiwanda kutengeneza ruta milioni moja zenye Linux na kuziuza kwa faida. Kosa huja kwingine.

Anayemkabidhi mwenzake kifaa chenye programu ya GPL lazima ampe pia msimbo wake, yaani maandishi ambayo mwandishi aliyaandika kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kwa muuzaji wa kibiashara, toleo la pili limeweka njia mbili. Atoe msimbo pamoja na kifaa, kama zamani ilivyokuwa diski ndani ya boksi. Au atie ndani ya boksi ofa ya maandishi, idumuyo angalau miaka 3, kwamba atampa msimbo mtu yeyote atakayeuomba kwa bei isiyozidi gharama ya kuunakili na kuutuma. Leseni imesema mtu yeyote. Haikusema mnunuzi. Jirani yako asiye na ruta anaweza kuomba, na mwanafunzi wa Ibra aliyekiona kifaa kwa mjomba wake anaweza pia. Na msimbo huo uwe kamili, pamoja na maelekezo ya kompyuta yanayotumika kuujenga na kuusakinisha. Hapa ndipo hila nyingi hupita: kampuni inaweka kwenye tovuti furushi la mafaili, ukijaribu kulijenga halijengeki, nusu yake haimo. Huko ni kumpa mtu mlango bila bawaba.

Asiyetimiza masharti hupoteza ruhusa papo hapo, bila barua wala onyo. Toka hapo kila kifaa anachokiuza kinabeba nakala isiyo na idhini, na mbele ya sheria ya hakimiliki yuko daraja moja na anayeuza nakala za wizi za filamu. Hilo huwashangaza wafanyabiashara. Duka ambalo halithubutu kuweka diski ya filamu ya wizi linaweza kuwa na rafu nzima ya visanduku vyenye nakala zisizo na idhini, na mwenye duka analala usingizi.

Naomba nipite Nizwa kidogo kabla ya mahakama. UNESCO ilipoziingiza falaji za Oman, yaani mifereji yake ya maji, katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 ilichagua tano ziwakilishe takriban 3,000 zinazoendelea kufanya kazi, na nne kati ya hizo tano zimo katika Dakhiliyah na Sharqiyah: Daris na al-Khatmayn za Nizwa, al-Malki ya Izki, na al-Jila ya Sur. Maji yakitoka ardhini hufika kwanza mahali pa kunywa, penye ruhusa ya kila mtu, mwenyeji na mpita njia. Baada ya hapo ndipo yanapogawanywa mashambani kwa zamu, na zamu huhesabiwa kwa athari, ambayo ni takriban nusu saa. Kuna wakili wa falaji, kuna daftari, kuna mnada wa zamu zinazokodishwa. Mtu anaweza kupata utajiri kwa maji yale, maana mitende ni mali na zamu ni mali. Asichoweza ni kuuziba mfereji kwa sababu umepita shambani kwake.

Mfano huu una mahali unapovunjika, na nauona ndipo unapofundisha zaidi. Maji yakinywesha mtende mmoja hupungua kwa mwingine, ndiyo maana pakahitajika zamu. Msimbo haupungui. Kiwanda cha Shenzhen kikimpa msimbo mtu wa mji wa Adam, kiwanda kinabaki na msimbo wake wote. Anayeuziba mfereji wa falaji angalau tunaelewa tamaa yake. Anayeuziba huu wa msimbo hapati hata tone la ziada.

Basi kwa nini wanauziba? Jibu zuri kuliko yote ni la zamani, la ruta ya Linksys WRT54G, kile kisanduku cha buluu na cheusi chenye antena mbili. Mwaka 2003 Cisco iliinunua Linksys kwa takriban dola milioni 500, na mwaka huo huo watu waliochungulia ndani ya ruta wakagundua kwamba ni Linux tupu, na msimbo haupo. Cisco haikuwa imeandika programu ile. Wala Linksys. Chipu zilitoka Broadcom, zikiwa tayari na programu yake, na ruta yenyewe ilitengenezwa na mkandarasi wa Taiwan. Aliyenunua kampuni nzima kwa nusu bilioni alinunua pamoja nayo deni la leseni ambalo halikuandikwa kwenye daftari lolote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hata deni lilipotea bila habari, mpaka wageni walipolifukua.

Linksys ikatoa msimbo. Kilichofuata ndicho ninachowaambia wafanyabiashara wanaodhani leseni hii ni adhabu. Kutokana na msimbo ule, mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa ruta ambao mpaka leo unazipa uhai ruta ambazo viwanda vimezisahau. Watu waliipenda WRT54G kiasi kwamba kampuni ilipoipunguzia kumbukumbu na kuihamishia kwenye mfumo mwingine, ilibidi itoe modeli ya pembeni, WRT54GL, iliyobaki na Linux, ikaiuza kwa miaka mingi. Utiifu uliolazimishwa ukawa tangazo la biashara. Hata hivyo Cisco haikusafisha nyumba yote: Desemba 2008 wakfu wa Free Software Foundation uliishtaki kwa bidhaa nyingine za Linksys, wakapatana Mei 2009 kwa Cisco kumteua msimamizi wa mambo hayo na kutoa mchango wa fedha.

Ujerumani ilitangulia kwa upande wa hukumu. Mwaka 2004 mahakama ya Munich ilimkubalia Harald Welte, mmoja wa waandishi wa sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano, dhidi ya kampuni ya ruta ya Sitecom, na mwaka 2006 mahakama ya Frankfurt ikamkubalia dhidi ya D-Link. Hapo ikafa ile hoja kwamba GPL ni karatasi ya wanaharakati isiyo na meno. Marekani, mwaka 2010, jaji wa New York alipoona Westinghouse Digital imeacha kujitetea katika kesi ya BusyBox ndani ya televisheni zake, aliamuru fidia ya dola 90,000 na televisheni zilizobaki zikabidhiwe walalamikaji.

Kwa wasomaji wa huku, kesi tatu zina maana zaidi, kwa sababu walioshtakiwa hawakuwa watengenezaji tu. Desemba 2007 waandishi wa BusyBox waliishtaki Verizon, kampuni ya mawasiliano ya Marekani, kwa ruta ilizowapa wateja wake wa intaneti ya nyuzi. Ruta zilitengenezwa na kampuni iitwayo Actiontec, lakini aliyezitia mikononi mwa wateja alikuwa Verizon. Kesi iliisha kwa mapatano Machi 2008. Mwaka huo huo Ufaransa kampuni ya Free ikashtakiwa kwa kisanduku chake cha Freebox, nayo ikaja na utetezi wa kijanja: kisanduku ni mali yetu, kiko nyumbani kwa mteja lakini ni sehemu ya mtandao wetu, hatujamgawia mtu chochote. Wakapatana mwaka 2011. Na Desemba 2009, katika kesi hiyo hiyo ya Westinghouse, walishtakiwa 14 kwa mpigo, miongoni mwao Best Buy, ambayo watu wanaijua kwa maduka.

Lete sasa picha hiyo Oman. Omantel, Ooredoo na Awasr zinauza intaneti ya nyumbani, na mteja huletewa ruta. Siyatuhumu makampuni haya kwa lolote. Nauliza swali ambalo mteja yeyote anaweza kulijibu akiwa na mkataba wake mkononi: ruta umeuziwa au umeazimwa? Ukiwa umeuziwa, kampuni imekugawia nakala ya Linux na sharti limehamia kwake kama lilivyohamia kwa Verizon. Ukiwa umeazimwa, inaweza kujificha nyuma ya hoja ya Free. Kwangu mimi hoja ile ni dhaifu: kifaa kinachokaa miaka kwangu, kinachokula umeme wangu na ambacho nikikivunja nakilipa, si sehemu ya mtandao wa mtu kwa maana yoyote ambayo mama yangu angeielewa. Lakini dhaifu si batili, na wanasheria wanajua kuishi ndani ya udhaifu.

Sheria ya kuushikilia wajibu huu haihitaji kuagizwa kutoka nje. Oman iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1999 na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2000. Sheria yake ya Hakimiliki na Haki Shirikishi, Amri ya Kifalme nambari 65 ya 2008, inazilinda programu za kompyuta pamoja na kazi nyingine za maandishi. Mkataba wa biashara huru na Marekani, ulioanza kutumika Januari 1, 2009, ukaongeza uzito wa utekelezaji. Sheria hizo zikitajwa, watu hufikiria programu za wizi za Windows na kanda za muziki. Lakini maneno ya sheria hayachagui mwenye haki. Mwandishi wa BusyBox analindwa na amri ile ile inayoilinda Microsoft.

Tatizo ni nani wa kushtaki. Kwa desturi ya hakimiliki, mwenye haki ni mwandishi, naye yuko Ujerumani au Marekani, hatasafiri mpaka Sur kwa ajili ya kamera ya duka la samaki. Mnunuzi, ambaye ndiye aliyekusudiwa kufaidika, hana sauti. Ndiyo maana macho ya watu wa fani hii yako kwenye kesi moja ya California. Oktoba 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliishtaki Vizio, kampuni ya televisheni, si kama mwenye hakimiliki bali kama mnunuzi wa kawaida aliyeingia dukani akanunua televisheni. Hoja yake ni kwamba leseni ni mkataba uliowekwa kwa manufaa ya mpokeaji, kwa hiyo mpokeaji anaweza kuudai. Mwishoni mwa 2023 jaji alikataa ombi la Vizio la kuimaliza kesi bila kuisikiliza. Sisi tuliokulia na wakfu hatuoni ajabu yoyote hapo. Aliyetajwa kunufaika na shamba la wakfu akinyimwa haki yake huenda kwa kadhi mwenyewe, hasubiri mweka wakfu afufuke.

Wafanyabiashara nao wana malalamiko, na si yote ya hila. Mwagizaji wa Ibra anayeleta kontena la vifaa mchanganyiko kutoka Guangzhou kupitia Dubai hana njia ya kumlazimisha mtu. Anayemuuzia hana msimbo. Aliyemuuzia huyo hana. Kiwanda kilichokusanya kifaa kilipewa na mtengenezaji wa chipu furushi la programu na mkataba wa siri juu yake, na fundi aliyelitengeneza furushi hilo ameshahama kazi mara mbili. Kila mmoja katika mnyororo ule ana deni, na kila mmoja anaweza kuonyesha kidole kwa aliye juu yake. Leseni haijali. Inamtazama kila mgawaji peke yake. Kuna ukali ndani yake, nakiri, na Ujerumani kulitokea mwandishi mmoja wa msimbo wa Linux aliyegeuza ukali huo kuwa mradi wa fedha, akiwatoza wauzaji mmoja mmoja. Wenziwe walichukia. Mwaka 2015 mashirika mawili makubwa ya programu huria yakatangaza kanuni kwamba lengo la kudai ni kupata msimbo na fedha ziwe nyuma, na mwaka 2017 waandishi wengi wa kiini cha Linux wakaahidi kwamba mkosaji wa mara ya kwanza akijirekebisha ndani ya siku 30 tangu aarifiwe, ruhusa yake inarudi. Kwa hiyo anayeogopa kufilisiwa kwa kosa la kutojua anaogopa kitu ambacho wenye haki wenyewe wameshakipunguza makali.

Kuna pingamizi jingine ninaloliheshimu zaidi: nani hapa atausoma msimbo huo? Shangazi yangu hatausoma. Wala mimi. Lakini haki hii haikuwekwa ili kila mtu aitumie kwa mkono wake. Mafundi wa majahazi wa Sur walijenga ganja na sambuki bila mchoro wa karatasi, kipimo kikiwa machoni na mkononi. Jahazi lile likifika Lamu au Unguja likivuja, hakuna aliyelirudisha Sur. Fundi wa pale alilipandisha pwani, akaona mbao zilivyoshikana, akatoa iliyooza akatia nyingine, akaziba kwa pamba na mafuta. Nahodha hakuwa na haja ya kujua useremala. Alihitaji tu chombo ambacho seremala yeyote angeweza kukifungua. Ruta isiyo na msimbo ni chombo kinachotengenezeka bandari moja tu, na bandari hiyo hufungwa kiwanda kinapotoa modeli mpya. Baada ya miaka miwili mitatu hakuna masasisho, matundu ya usalama yanajulikana dunia nzima, na kifaa bado kinawaka taa ya kijani kama kwamba hakuna kitu. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya kundi la vifaa vilivyotekwa liitwalo BADBOX 2.0, vingi vikiwa visanduku vya televisheni vya bei rahisi, vingine vikiwa na programu chafu tangu havijafika dukani. Sisemi msimbo ukitolewa programu chafu itaonekana. Mtia sumu haandiki sumu kwenye orodha ya viungo. Nasema kifaa chenye msimbo kamili kinaweza kupanguswa chote na kuwekewa mfumo safi. Kisicho nao kinatupwa, na kwetu hakitupwi, anapewa jirani.

Hata kupewa msimbo si mwisho. Kampuni ya TiVo ya Marekani ilitoa msimbo wa kinasa televisheni chake kama leseni inavyotaka, halafu ikakifunga kifaa kisikubali programu yoyote isiyo na saini yake. Ukapewa ufunguo wa nyumba iliyobadilishwa kitasa. GPL toleo la tatu, la Juni 2007, lilikuja na dawa: kwa vifaa vya nyumbani, mtoaji atoe pia maelezo ya kusakinisha. Linux ilikataa kuhamia toleo hilo, ikabaki na la pili, na mvutano juu ya nini hasa toleo la pili linadai kuhusu usakinishaji haujaisha. Hapa mimi nina upande: maandishi ya toleo la pili yanataja maelekezo ya kusakinisha waziwazi, na sioni kwa nini yangeandikwa kama hayakukusudiwa kumsaidia mtu kusakinisha.

Tusisahau pia kwamba Kiswahili chenyewe kimekula tunda hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakuomba kibali cha kampuni yoyote wala kungoja mtu aone kwamba lugha yetu ina soko. Msimbo ulikuwa wazi, wakaufungua, wakatafsiri, wakaujenga upya. Ruta ya leo ingeweza kuwa na menyu ya Kiswahili kwa njia hiyo hiyo, kwa ajili ya bibi wa Mudhayrib ambaye Kiarabu cha kompyuta kinampiga chenga na Kiingereza ndiyo kabisa.

Nani basi ashike wapi? Naona mahali pawili. Kwanza ni kwa wanunuzi wakubwa. Wizara, manispaa, kampuni ya mawasiliano inayoagiza ruta kwa maelfu: hao ndio ambao kiwanda cha China huwasikiliza, kwa sababu wanaweza kukataa shehena kabla ya kulipa. Sentensi moja katika zabuni inatosha, kwamba muuzaji alete orodha ya programu zote zilizomo na msimbo unaojengeka wa zile ambazo leseni zake zinaudai, akishindwa mzigo haupokelewi. Vyombo vya kulifanya hilo vipo. Tangu 2020 kuna kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa leseni huria, ISO/IEC 5230, na tangu 2021 kingine cha namna ya kuandika orodha hizo, ISO/IEC 5962. Buildroot, mojawapo ya mifumo inayotumika kutengenezea programu za vifaa vidogo, ina amri iitwayo legal-info inayokusanya leseni na misimbo yenyewe kwa yenyewe; fundi anaiandika mara moja anakwenda kunywa chai. Ulaya imeshaamua: Sheria yake ya Ustahimilivu wa Mtandao iliyoanza nguvu Desemba 2024 itawataka watengenezaji, kuanzia Desemba 2027, wawe na orodha ya programu zilizomo ndani ya bidhaa zao. Viwanda vinavyouza Ulaya ndivyo vinavyouza Nizwa. Orodha itakuwepo, ila haitafika kwa asiyeidai. Oman ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kuhimiza programu huria chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Teknolojia ya Habari, iliyoanzishwa 2006. Mipango ya namna hiyo hutufundisha kutumia. Kudai tunachostahili bado hatujafundishwa.

Pili ni vyuoni. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, kilichoundwa mwaka 2020 kwa kuunganisha vyuo vilivyokuwepo, kina matawi Ibra, Nizwa na Sur, miji ile ile mitatu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetafuta mradi achukue vifaa kumi vya sokoni kwao, apakue masasisho yake kwenye tovuti za watengenezaji, ayafungue kwa programu ya binwalk. BusyBox huacha jina lake na nambari ya toleo ndani ya faili, haijifichi. Kisha atazame ndani ya boksi kama kuna ofa ya maandishi, aombe msimbo, ajaribu kuujenga, aandike matokeo. Kazi ya muhula mmoja, na itamfundisha sheria na uhandisi kwa pamoja.

Wewe usiye mwanafunzi anza na simu yako. Fungua mipangilio, nenda kuhusu simu, tafuta taarifa za kisheria, kisha leseni za programu. Utaona ukurasa mrefu ambao pengine hujaufungua tangu uinunue. Halafu geuza ruta. Tafuta karatasi ya ofa ndani ya boksi, kama boksi bado lipo juu ya kabati. Ukiikosa karatasi, muulize aliyekuuzia nambari ya D ni ya kampuni gani, umwandikie huyo: taja modeli, taja toleo la programu linaloonekana kwenye ukurasa wa ruta, omba msimbo wote wa programu za GPL zilizomo. Weka nakala na tarehe. Barua haihitaji wakili, na leseni haikusema iandikwe kwa lugha gani.